Malaria Moja Niliyomwandikia Minza

Nakumbuka asubuhi tuliyofungua mlango wa maabara yetu, mwanangu, jinsi akina mama walivyopanga foleni kabla hata sijavaa koti. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Walikuja kuiona darubini. Nilichukua tone la maji ya lambo, nikaliweka chini ya lenzi, wakachungulia mmoja mmoja wakaona wadudu wakiogelea, na kila aliyeinua kichwa alipiga kigelegele. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, nimemaliza chuo, koti langu limepigwa pasi, na nilijiona nimefika.

Nimeanza na asubuhi hiyo kwa sababu ni kati ya chache za mwaka ule ninazoweza kuzisimulia bila kuinamisha kichwa. Umeniandikia kwamba wewe na wenzako mnataka kufungua maabara ndogo huko kwenu, na unaniomba baraka. Nitakupa, lakini mwishoni. Kwanza soma haya, na usiruke mstari.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabara ya Musoma pale Kisesa, nyuma ya vilima vya mawe, ziwa unaliona kwa mbali siku isiyo na mawingu. Ilikuwa miaka ya tisini. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati, maduka ya dawa yakaota kila kona ya mji, na sisi wa vijijini tukaambiwa tujitegemee. Zahanati yetu ilikuwa na mganga mmoja, kabati la klorokwini na penisilini, na hakuna kipimo hata kimoja. Maskini mganga wa watu alikuwa anabahatisha. Ukija na homa, unapewa klorokwini. Ukija na homa ileile tena, unapewa klorokwini tena.

Aliyesema tujenge maabara alikuwa Minza, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Alikuwa jirani yangu, mwanamke mrefu mwenye sauti inayofika kwako kabla yeye hajafika. Wanaume walipokuwa bado wanajadili kwenye mkutano, yeye na wenzake walikuwa wameshafyatua matofali. Shangazi wa mume wake, Bibi Holo, mjane aliyekuwa akiishi peke yake mwisho wa boma lao, alikandika ukuta wa nyuma kwa mikono yake mwenyewe, na hakutaka asaidiwe kwa sababu, alisema, wanawake wa siku hizi wanakandika kama wanaobembeleza mtoto. Darubini aliileta Minza pia. Alikwenda mjini Mwanza kwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye marehemu kaka yake alikuwa daktari, akamwambia amesikia kuna darubini imekaa ndani haina kazi. Yule mzee aliuliza nani ataitumia. Minza akanivuta mkono akanisimamisha mbele yake, akasema, "Huyu. Macho yake mazuri."

Darubini yenyewe haikutumia umeme, ambao hata hivyo hatukuwa nao. Ilikuwa na kioo kidogo chini, unakielekeza dirishani kinanasa mwanga wa jua. Siku ya mawingu hakuna kazi. Slaidi za damu nilizianika juu ya meza na kuzifunika kwa chandarua cha kufunikia maziwa, maana inzi wa kwetu hawana adabu, ukigeuka tu wanailamba damu ya mgonjwa wanakuachia kioo kitupu. Nakutajia haya ili ujue kwamba shida za vifaa nilizishinda zote. Vijana wengi mnaonijia mnaulizia vifaa tu. Mimi sikuangushwa na vifaa.

Niliangushwa na watu kuninunia.

Unajua, siku hizo kwetu mtu hakusema tu kwamba ana malaria. Alisema ana malaria mbili, au malaria tatu, kama anayetaja idadi ya ng'ombe wake, kwa sababu karatasi ya maabara iliandikwa namba kuonyesha vijidudu ni vingi kiasi gani. Mwezi wa kwanza niliandika kile nilichokiona. Wengi wa waliokuja na homa walikuwa na malaria kweli. Lakini wengi pia hawakuwa nayo, na hao niliwaandikia kwamba hakuna vimelea vilivyoonekana, nikawapa karatasi, nikaita anayefuata.

Mzee mmoja mfugaji alirudi na karatasi yake akaniwekea mezani. "Nimetembea tangu alfajiri," alisema. "Mwili unaniwaka, magoti hayashiki. Wewe umenitoboa kidole, umechukua damu yangu, halafu unasema sina kitu. Kwa hiyo mimi ni muongo?"

Nilimwambia, "Hapana, baba, ni kipimo kinachosema."

"Basi kipimo chako kinanitukana," alinijibu, akachukua fimbo yake akaondoka.

Na hakwenda nyumbani. Alikwenda hadi Igoma, kwenye zahanati moja iliyokuwa imefunguliwa karibuni, akarudi baada ya siku mbili na karatasi ya malaria tatu. Aliipitisha kilabuni, kisimani, kanisani. Habari ikaenea kwamba Igoma wanaona na mimi sioni. Watu wakaanza kupita mbele ya mlango wangu wakiwa na homa zao, wananisalimia vizuri tu, wanaendelea na safari. Nilikaa pale na koti langu jeupe nikipangusa lenzi zisizo na vumbi. Moyo uliniuma, mwanangu. Usidhani mtu anaanza uongo kwa sababu ana roho mbaya. Mimi nilianza kwa sababu nilikuwa mpweke.

Minza alinijia siku moja mchana, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, benchi tupu, akanyoosha miguu. Alikuwa na mimba ya miezi mitano hivi na alikuwa ameanza kuchoka.

"Mdogo wangu," alisema, "kwani ukiwapa malaria moja watakufa?"

"Kama hawana, dada?"

"Moja tu. Klorokwini watapewa hata usipowaandikia. Lakini watajua wameonekana." Kisha akasema tena kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa adimu. "Tulifyatua matofali yale mvua ikitunyeshea. Usiiache ife."

Nimesikia watu wakisema Minza ndiye aliyeniponza. Usimtie ulimini hivyo mbele yangu. Minza hakujua darubini ni nini zaidi ya kile alichokiona kwenye maji ya lambo. Aliniomba kama dada, na mimi ndiye niliyesomeshwa. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kumweleza, na angeelewa upesi kuliko wote, na kwa sauti yake ile angewaelewesha wengine kijiji kizima. Sikumweleza. Nilicheka, nikasema, "Haya, dada."

Wiki iliyofuata niliandika malaria moja ya kwanza isiyokuwepo. Mgonjwa aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akaenda zake ameridhika. Baada ya mwezi foleni ilikuwa imerudi. Wakaja hata watu wa upande wa Bujora. Wakaniita daktari, nami niliacha kuwasahihisha.

Lakini kuna kitu sikukitegemea, na hapa nataka usome polepole. Nilidhani nitaendelea kuangalia vizuri kama zamani, ila nibadilishe tu ninachoandika. Haikuwa hivyo. Ukishajua utakachoandika, jicho linaanza uvivu. Kwanza nilipunguza muda wa kuangalia. Halafu nikawa naangalia sehemu mbili tatu za slaidi basi. Mwisho wake, siku za foleni, nilikuwa nimeandika kabla rangi haijakauka. Slaidi nilizitia mafuta, nikazipitisha chini ya lenzi watu waone ninainama, nikazipanga kwenye sanduku la ukaguzi. Yale macho mazuri aliyoyasifia Minza yalikuwa yamelala.

Minza alishikwa na homa mimba ikiwa na miezi sita. Ilimpiga ghafla, kichwa na mgongo. Alikuja asubuhi na Masanja, mume wake, mwanaume mpole asiyependa maneno. Nilimtoboa kidole tukitaniana. Nikamwandikia malaria moja. Alinikonyeza, kama kusema na mimi umenipa ya heshima, lakini macho yake yalikuwa mekundu na hakuwa anatania sana. Alikunywa klorokwini, na baada ya siku tatu nne homa ilikwisha kabisa. Kijiji kilisifu maabara. Mimi mwenyewe nilifurahi, nikajiambia labda kweli ilikuwa malaria.

Wiki moja baadaye homa ikarudi. Nikamtoboa tena, nikamwandikia malaria mbili, kwa kuwa mtu akirudi lazima namba ipande. Alikunywa dawa tena. Klorokwini ilimwasha mwili mzima akawa anajikuna kwa kigunzi cha mahindi, huku akicheka na kutokwa machozi. Homa ikashuka, akaanza kwenda kisimani.

Iliporudi mara ya tatu hakuweza kuja. Masanja alimkokota kwa mkokoteni wa ng'ombe kuelekea Kisesa akatafute gari la kumfikisha mjini. Mimba ilitoka njiani, na damu haikukata. Walikuwa hawajafika barabarani. Walirudi naye mchana huohuo, amefunikwa kanga, na Bibi Holo alitembea nyuma ya mkokoteni ameshika ncha ya ile kanga isipeperuke.

Nililia msibani kama wengine. Niseme ukweli, sikujua bado. Nilidhani ni uzazi umemuua, maana uzazi uliua wengi.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi alikuja Mzee Nkwabi. Huyu alikuwa mwalimu wangu chuoni, na baada ya kustaafu alikuwa akizunguka kwa baiskeli kukagua maabara ndogondogo, kwa sababu tu hakuweza kukaa nyumbani. Mtu mkavu, miwani imefungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku tayari amefungua sanduku la slaidi. Aliokota kumi bila kuchagua, akaketi dirishani, akaelekeza kioo kwenye jua, akaanza kuangalia. Aliangalia ya kwanza kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nikiangalia wagonjwa wote wa asubuhi moja.

Kwenye ya sita alisimama. "Njoo uangalie," alisema.

Niliinama. Mwanzoni niliona chembe za damu tu. Kisha nikaziona, kati ya zile chembe, nyuzi nyembamba zilizojikunja, kama uzi uliofumuliwa kwenye nguo kuukuu. Zilikuwa nyingi, na hazikuwa zimejificha. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeziona, na mimi chuoni nilizichora kwenye daftari nikapewa alama zote.

"Ni nini?" aliniuliza.

"Homa ya papasi, mwalimu."

"Uliandika nini?"

Nilifungua rejista. Nilitafuta namba iliyokuwa kwenye kioo. Kidole changu kilishuka kwenye mistari, na nililiona jina kabla hakijafika. "Malaria moja," nilisema.

"Zahanati ina penisilini?"

"Inayo."

"Na huyu mama yuko wapi sasa?"

Nilikaa chini, kwenye sakafu aliyoisawazisha Minza mwenyewe, nikajifunika uso kwa lile koti. Papasi, wale kupe wa majumbani, walikuwa kwenye nyufa za nyumba yake, kama walivyo kwenye nyumba nyingi za udongo kwetu. Homa yao ina tabia ya kushuka yenyewe na kurudi yenyewe, na kwa mjamzito ni mbaya mno. Hilo nilifundishwa na huyuhuyu mzee. Dawa ilikuwa hatua mia moja kutoka darubini yangu, kabatini, na Minza alikuwa akipita mbele ya kabati hilo kila alipokwenda kuchukua klorokwini.

Mzee Nkwabi hakunigombeza. Aliangalia slaidi nne zilizobaki, akazipanga, akavua miwani. "Nimefundisha watu wengi," alisema. "Wapo waliokosea kwa kutojua, nikawafundisha tena. Wewe unajua. Sina cha kukufundisha." Akaenda hadi mlangoni, akageuka. "Nenda leo ukamwambie mume wake. Leo, si kesho."

Sikwenda leo. Wala kesho. Nilijiambia msiba bado mbichi, nilijiambia nitatafuta maneno. Ilipita wiki nzima. Nilikuwa naamka, navaa koti, natoboa vidole, na safari hii niliangalia kila slaidi mpaka shingo ikauma, kana kwamba hilo lingesaidia kitu.

Katika wiki hiyo ndugu wa Masanja walikwenda kwa mganga wa kienyeji kuuliza kilichomuua Minza. Mganga akaonyesha upande wa mwisho wa boma. Unajua kwetu ilivyokuwa, na usinifanye nikueleze sana. Mama mzee, mjane, anaishi peke yake, macho mekundu kwa moshi wa miaka sitini ya kupika, basi ndiye mchawi. Vijana wa ukoo walikwenda wakang'oa paa la nyumba yake mchana kweupe. Bibi Holo aliondoka na mkeka na jembe. Alipita mbele ya maabara, nami nilimwona kupitia dirisha lilelile la mwanga. Nilidhani anakwenda shamba.

Niliposikia, ndipo nilipokimbia kwa Masanja. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwamba haikuwa malaria, kwamba vijidudu vya papasi vilikuwepo kwenye damu yake tangu siku ya kwanza, kwamba sikuangalia, kwamba shangazi yake hana kosa lolote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliingia ndani akatoka na mfuko wa rambo, na ndani yake karatasi mbili zilizokunjwa vizuri.

"Hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Hapa imeandikwa nini?"

"Malaria moja."

"Na hapa?"

"Malaria mbili."

"Mke wangu alikunywa dawa ya malaria yote. Hakubakiza hata kidonge." Alizungumza taratibu, kama mtu anayehesabu njia aliyopita. "Kama ugonjwa ulikuwa malaria, na dawa ilikuwa ya malaria, mbona alikufa? Ndilo swali nililokwenda kuuliza kule. Sikuwa na lingine. Wewe ndiye uliyenipa."

"Ndiyo maana nimekuja kukuambia haikuwa malaria."

Alizikunja zile karatasi akazirudisha mfukoni. Aliniangalia bila hasira, na afadhali angenipiga. "Dada," alisema, "na hili la leo, umeliona kweli au umeandika tu?"

Mpaka leo ninajiuliza, mwanangu. Ningemwonyesha nini? Darubini? Ningemwambia achungulie, angeona nyuzi, na angejuaje kwamba nyuzi ni nini, ila kwa kuambiwa na mimi? Kitu pekee ambacho maabara inacho cha kumpa mtu ni neno lake, na langu nilikuwa nimelimaliza lote kwa kuwafurahisha watu.

Bibi Holo alikwenda kwa jamaa wa mbali upande wa Magu. Nilimfuata nilipopata ujasiri, na ujasiri ulichelewa. Nilionyeshwa kaburi lisilo na hata jiwe. Huko kwetu jina lake halikusafishwa. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba alimroga mke wa mpwa wake, na wakinisikia nikikataa wanadhani ninamwonea huruma. Maabara niliendelea nayo miaka mitatu kwa haki kabisa, naandika ninachokiona, na foleni ikapungua tena mpaka ikakoma. Darubini iliota ukungu kwenye lenzi. Siku hizi chumba kile wanahifadhia pamba, na simlaumu mtu kwa hilo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, maana uliniomba. Kumpima mtu ni nusu ya kazi. Ukimpa mgonjwa karatasi inayosema hakuna kitu, usiite anayefuata. Toka nyuma ya meza, kaa naye kwenye benchi, mwambie hivi: wewe si muongo, homa yako ninaiona, ila si ile niliyoitafuta, na tutaendelea kutafuta. Mimi nilishindwa kumwambia hivyo mzee mmoja mfugaji, maneno ya dakika mbili, na angalia nilichowalipisha wengine. Watakununia. Watakwenda Igoma yao. Waache waende, ubaki na benchi tupu, upweke wake hauui mtu. Usiandike hata mara moja usichokiona, kwa sababu hutaishia hapo, utaacha na kuona. Na siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, vaa viatu saa hiyohiyo uende ukaseme kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako. Usitafute maneno mazuri. Hayapo.

Sitakudanganya kwamba kusema haya kunanipunguzia kitu. Nimeyasema kwa vijana wengi na bado nikifumba macho naziona zile nyuzi. Lakini baraka uliyoiomba ninakupa, kwa moyo wote uliobaki. Mungu ayalinde macho yako yasilale ukiwa macho. Akujalie wagonjwa wanaobishana nawe. Na nyumba yoyote utakayoiingia na karatasi yako mkononi, akujalie waisome wakuamini, na bibi mzee wa nyumba hiyo alale chini ya paa lake.